Transfoma Iliyovuta Ghunna

Mume wangu alifanya kazi ya umeme melini kwa miaka mingi. Alipostaafu alirudi kwetu Ujiji na vitu viwili: sanduku la koleo na spana, na imani kwamba mashine inayofanya kazi lazima ipige kelele. Melini hakuna aliyewahi kumlalamikia, kwani injini ilimeza sauti zote mpaka watu wakawa wanaagizana chai kwa ishara. Basi alipoamua kujitengenezea transfoma ya kuchajia betri za wavuvi wa dagaa, suala la ukimya halikumpitia akilini hata kidogo.

Wavuvi wetu siku hizi wengi wameziacha karabai. Wanakwenda ziwani na taa za betri, na betri hizo zinatakiwa ziwe zimejaa kabla ya magharibi. Mume wangu aliiona riziki imesimama mlangoni inapiga hodi. Alikusanya vibati vya chuma kutoka kwenye mashine ya kuchomelea iliyoungua, akanunua waya wa shaba mjini, akausokota kwa mkono wake, akavipanga vibati, akavifunga kwa bolti, akaiweka kazi yake juu ya meza ya bati stoo. Alipoiwasha, nyumba nzima iliitikia. Vikombe kabatini vilianza kusalimiana.

"Umeisikia?" akaniuliza, uso unamng'aa kama aliyepata mtoto wa kwanza.

"Baba watoto, hata walioko Ilagala wameisikia."

Alidhani namsifu.

Stoo hiyo inapakana ukuta na baraza yetu ya uani, na kwenye baraza hiyo ninasomesha wanawake Qur'ani baada ya adhuhuri mpaka alasiri inapokaribia. Hatuna wakati mwingine. Kabla ya hapo wako sokoni na jikoni, na baada ya hapo wanarudi jikoni. Na huo huo ndio wakati betri zinapochajiwa.

Katika usomaji wetu kuna mahali ambapo sauti ya herufi nuni au mimu huvutwa puani, tunaita ghunna. Ina kipimo chake. Ukikitimiza, unaiachia unaendelea na safari. Transfoma ya mume wangu ilivuta ghunna moja tangu inawashwa mpaka inazimwa, wala haikupumua. Wanafunzi wangu wakaanza kuifuata. Mmoja aliishika nuni akaenda nayo mbali sana, nikadhani amezimia kwa macho wazi.

Sote tulicheka siku hiyo, isipokuwa mmoja.

Mwanafunzi wangu mkubwa kwa umri ni jirani yangu. Mimi namwita dada na namwamkia, yeye ananiita mwalimu, basi tukikutana tunapeana heshima mpaka tunachoka. Ameswali maisha yake yote kwa sura alizozishika kwa kusikia. Yasini alikuwa anasomewa na mumewe kila usiku wa kuamkia Ijumaa, mumewe anasoma, yeye anasikiliza huku anachambua mchele wa kesho. Mumewe alipofariki, akawa anawaomba watu wamsomee marehemu, leo huyu, kesho yule. Kisha siku moja akaja kwangu na msahafu ameufunga ndani ya kanga.

"Mwalimu, nataka nimsomee mwenyewe. Ramadhani isinikute bado nabisha hodi kwa watu kuomba Yasini."

Herufi alizishika kwa subira ya mtu anayeatika miche. Tatizo lilikuwa masikio, maana umri ulishayagusa. Na tatizo la pili, ambalo sikulijua wakati ule, lilikuwa mke wa mwanawe, aliyekaa naye mkeka mmoja na kusoma kama maji yanayoteremka.

Transfoma ilipoanza, dada alijaribu kuweka kiganja nyuma ya sikio. Kisha akasogea karibu yangu hadi magoti yetu yakagusana. Siku chache baadaye akaufunga msahafu ndani ya kanga.

"Sauti yako naiona mdomoni, mwalimu, lakini hainifikii. Nitaendelea kusomewa. Mungu anaijua nia yangu."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningepata la kujibu.

Jioni nikamkabili mwenye mashine.

"Mzee wangu, umemfukuza mtu kwenye Qur'ani."

"Mimi? Mimi nimekaa stoo na betri zangu."

"Ndiyo. Umekaa stoo ukamfukuzia kulekule."

Ni mtu mwema, na haki ya jirani anaiogopa kuliko shoti ya umeme. Kesho yake akaanza matibabu, na niseme kweli, mwanzo yalikuwa ya kienyeji. Aliifunika blanketi. Mvumo ulipungua, harufu ikaongezeka, nami nikaliokoa blanketi langu kabla halijawa mkaa. Kisha akaitia ndani ya sanduku la mbao. Alhamdulillahi kwa kila hali, lakini hapo alikuwa ametengeneza ngoma: mashine ilitetemeka, sanduku likapaza, na meza ya bati ikaitikia kibwagizo.

"Iteremshe kwanza kwenye hiyo meza," nikamwambia. "Meza ndiyo inayoimba."

Akaiteremsha sakafuni. Vikombe vikanyamaza. Akakata vipande vya makatambuga yake ya zamani, yale yaliyotengenezwa kwa tairi la gari, akaviweka chini ya miguu ya transfoma. Ukuta nao ukaacha kunguruma. Ikabaki sauti ya mashine yenyewe, na hiyo ilikuwa inatosha kuharibu darasa.

"Sasa hii inatoka wapi?" nikauliza.

Akakaa chini kunifahamisha, maana kufahamisha anakupenda. Umeme wa ukutani, alisema, hauendi upande mmoja kama maji ya bomba. Unakwenda na kurudi, mara hamsini kwa sekunde moja. Kila unapogeuka, chuma kinashikwa na sumaku kisha kinaachiwa, nacho kinajinyoosha na kujikunja kidogo mno, jicho halioni.

"Kwa hiyo kinatetemeka."

"Kinatetemeka. Ndiyo maumbile yake."

"Na vibati vilivyolegea vinapigana makofi."

"Nani kasema vimelegea?"

Nikamletea mwiko wa ugali, mkavu, wa mninga. Aliutazama kama mtu anayejiuliza kama amekosea mlango. Kisha akaelewa, akaweka ncha moja juu ya chuma na nyingine sikioni, akainama hivyo katikati ya betri za watu kama daktari anayesikiliza kifua cha mgonjwa. Akausogeza kona hii, akausogeza kona ile.

"Huku kimya," akasema. "Huku kimya. Huku... eeh. Huku kuna harusi."

Alizima, akachomoa waya ukutani, akazikaza bolti, na palipobaki na nafasi kati ya koili na chuma akapigilia vijiti vya mianzi vilivyochongwa vyembamba. Alipowasha tena, harusi ilikuwa imekwisha. Lakini baada ya muda mashine ikapata joto hata kiganja hakikai, na ngurumo ikarudi kwa chini, kama mtu anayenung'unika baada ya kukatazwa kusema.

Hapo ndipo alipoingiwa na shaka kuhusu hesabu yake. Waya wa transfoma una idadi ya mizunguko inayotakiwa. Ikipungua, chuma kinabebeshwa sumaku kuliko uwezo wake, kinavimbiwa, na chuma kilichovimbiwa huunguruma na kuchemka.

"Ulihesabu sawasawa?"

"Nilihesabu."

"Ulisokotea wapi?"

"Barazani mbele."

Basi nikajua. Huwezi kukaa baraza ya mbele Ujiji ukahesabu kitu kikafika mwisho wake. Kila apitaye anatoa salamu, na salamu ni haki, lazima ijibiwe. Ukishajibu unaulizwa magoti yanaendeleaje, watoto walio Dar es Salaam wanaendeleaje, ziwa limelalaje. Mwingine anakusalimia kwa Kiha na anataka jibu kwa Kiha. Ukirudi kwenye waya wako, hesabu imeshaondoka na mgeni.

"Nilikuwa nakisia nilipoishia," akakiri.

"Ukikisia mbele au nyuma?"

Akacheka hadi akavua kofia. Mtu aliyechoka siku zote hukisia mbele, na waya unabaki na mizunguko pungufu.

Ikabidi waya wote usokotwe upya. Aliapa kwamba safari hii angejifungia, lakini stoo ina giza na chumbani kuna joto, na yeye anataka mwanga na upepo. Nikakumbuka jambo tulilofundishwa tangu watoto: salamu ikitolewa kwa kundi, jibu la mmoja linawatosha wote. Nikamwambia akae ndani karibu na mlango wa mbele, nasi wanawake tuhamishe mkeka tukae kizingitini, tujibu kwa niaba yake.

Nikaenda kwa dada.

"Shikamoo dada. Nimekuja kukuomba kazi. Hakuna kusoma, ni kujibu salamu tu."

"Marahaba mwalimu. Salamu?" Uso wake ukafunguka. "Hiyo ndiyo kazi yangu."

Na kweli, hakuna Ujiji nzima anayejibu salamu kama yeye. Alikaa mbele kabisa, na kila aliyejaribu kuvuka kwenda kwa mzee alimdaka njiani.

"Mzee yuko wapi?"

"Yuko ndani, anahesabu."

"Anahesabu nini, fedha?"

"Waya."

"Mungu amfanyie wepesi!"

Alipokwenda msikitini, mume wangu aliulizwa kama ile itikafu ya kujitenga msikitini kwa ibada ameikaa nyumbani kwake, na kama inajuzu.

Hesabu ilitimia. Akakusanya vibati, akavikaza, akaianika transfoma juani mpaka unyevu wote ukatoka, kisha akaichovya yote katika vanishi ya kuhami umeme, akaiacha humo mpaka ikaacha kutoa mapovu. Hiyo vanishi, alisema, inaingia kila upenyo, na ikikauka inavishikanisha waya na vibati viwe kitu kimoja, kisiwe na cha kugongana nacho. Aliiacha ikauke siku kadhaa. Kukauka nako kunataka subira, nami nilimsifu kwa hilo, kwa sababu alikuwa anakwenda kuigusa kwa kidole kila baada ya kikombe cha chai.

Alipoiwasha, nilidhani umeme umekatika. Nikasogea, nikainama. Kulikuwa na sauti, ndogo, kama ya mbu aliye chumba cha pili.

"Hiyo haitaondoka," akasema. "Chuma chenye umeme lazima kiheme kidogo."

"Acha kiheme. Hata sisi tunahema."

Mvuvi mmoja kijana aliyefuata betri zake alisimama mlangoni mwa stoo, ameshangaa.

"Shikamoo mzee. Mashine imekufa?"

"Marahaba. Weka mkono uone."

"Daah! Mimi nilizoea kuisikia tokea njiani, najua betri zangu zinakula."

Mume wangu hakujua afurahi au anune.

Mimi nilikuwa nafurahi, nikawarudisha wanafunzi wangu kwenye baraza ya uani. Dada alikuja, akafungua msahafu. Sauti yangu ilimfikia, niliiona ikimfikia. Nikampa zamu yake. Midomo ikacheza, sauti haikutoka. Kesho yake vilevile. Siku ya tatu akasema koo linamuuma, nami nikambakiza baada ya wenzake kuondoka.

"Dada, mashine imenyamaza. Kuna nini tena?"

Akaitazama ile stoo, kisha akanitazama.

"Mwalimu, yule nyuki wenu alikuwa na mambo mawili. Mimi nilikuwa sikusikii, na hao wengine walikuwa hawanisikii mimi. La kwanza lilinikera. La pili lilikuwa linanisitiri." Akashusha sauti. "Mke wa mwanangu anasoma kama redio. Nitakwamaje mbele yake?"

Mlango wa stoo ulikuwa wazi. Kikatoka kichwa cha mume wangu.

"Dada, nikulegezee bolti moja?"

Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga, akamwambia aendelee na betri zake asije akamletea mwaka mwingine wa kuhesabu. Nikamkumbusha yale tuliyofundishwa, kwamba anayesoma huku akikwama na kutaabika ana malipo mara mbili. Mume wangu akadakia kutoka stoo kwamba basi yeye na transfoma yake walikuwa wanamwongezea thawabu, na hakuna aliyemshukuru. Dada akasema amesikia, lakini nilimwona: thawabu mbili alizitaka, aibu moja hakuitaka.

Siku iliyofuata sikumpa zamu. Nilisema tu, tusome Yasini wote pamoja, kama tusomavyo kwenye hitima. Sauti zikapanda kwa pamoja, na katikati yake nikaisikia ya dada, imepata watu wa kujificha nyuma yao. Tulipokolea, nikamtazama wa mwisho wa mkeka nikainua kidole. Akanyamaza. Nikamwashiria wa pili. Akanyamaza. Mke wa mwanawe alikuwa wa mwisho kabla yangu. Alielewa bila kuashiriwa, akashusha sauti polepole mpaka ikaisha. Kisha nami nikaacha.

Dada aliendelea, kidole chini ya mstari, kichwa kinamyumba kidogo. Aya moja. Ya pili. Katikati ya ya tatu akainua macho.

"Mmeniacha?"

"Hatujakuacha, tunakusikiliza," mkwe wake akajibu. "Endelea, mama."

Alikwama hapo hapo. Akarudi nyuma maneno mawili, akajaribu, akakwama tena. Hakuna aliyemsaidia, kwa kuwa hakuomba. Mara ya tatu akapita. Kutoka hapo hakutazama tena mtu. Alisoma kwa mwendo wa mtu anayevuka mto kwa kukanyaga jiwe hadi jiwe, mahali anasimama, mahali anarudi, na adhana ya alasiri ikamkuta katika aya ya mwisho. Tukaiacha adhana ipite, ndipo akaimaliza.

Wanawake wakaanza kumpongeza, mmoja akataka kupiga kigelegele. Dada akainua mkono.

"Mmenifanyia hila nyote, nami nitawalipizia. Lakini kwanza," akarudisha kurasa, kidole kinatafuta mstari, "turudi pale nilipokwama. Nisije nikampelekea marehemu aya yenye tundu."