Mawe ya Redio Juani

Harufu ya mawe ya redio, yaani betri zake, yaliyopata joto la jua naijua hata nikifumba macho: chumvichumvi, na kutu kidogo. Nikiisikia tu, niko Kindu, uani kwetu, Mama anayapanga mawe juu ya bati. Wenzangu wa enzi za Zaire mnakumbuka, mawe mapya yalikuwa adimu dukani. Ya zamani yakichoka unayaanika, yanaongea tena kidogo.

Baba alikuwa Punia, kwenye machimbo, na tulisikia kwamba anaumwa. Lori lingeweza kukwama siku nyingi katika barabara ile ya msituni, kwa hiyo habari za wagonjwa na za misiba zilisomwa redioni mchana. Mama aliketi mapema, sikio limegusa kitambaa cha spika, na hakuna sufuria iliyopanda motoni mpaka zimalizike.

Mimi niliamini jua ndilo linalomwaga umeme ndani ya mawe. Nilipolisema hilo darasani, mwalimu wetu, sitwaye mrefu, kama raia wote walivyoitwa enzi zile, mwenye abakosi iliyopauka, lile koti la kuvaliwa bila tai, alicheka mpaka akajifuta macho. Kisha akainua kipande cha waya wa shaba.

"Elektroni ziko humu sasa hivi, hata bila jiwe. Zinacheza-cheza tu, huku na huku, hakuna yenye kwenda. Jiwe haliongezi hata moja. Upande mumoja wa jiwe zimejazana, zinasukumana. Upande mwingine unazivuta. Ukiunga waya, njo zote zinaanza kwenda pamoja, polepole kuliko konokono. Ile tofauti ya pande mbili ikiisha, basi, safari imekwisha."

"Na jua, mwalimu?"

"Jua linaamsha dawa ya ndani ya jiwe. Kidogo tu, halafu inalala tena."

Nilikimbia hadi nyumbani. "Mama, umeme iko ndani ya waya siku zote! Inakosa tu wa kuisukuma!"

"Basi isukume wewe, mama," alinijibu, kama alivyopenda kuniita. "Mimi nimechoka."

Mchana mmoja jina la Baba likatoka redioni. Familia yake ya Kindu inajulishwa kwamba huko Punia... Sauti ikafifia. Mama akaitikisa redio, akayatoa mawe, akayauma kwa meno kama tulivyozoea wote, akayarudisha. Kimya.

Hapo Bibi Mwajuma, jirani yetu mwenye redio nzima, akaingia uani bila viatu, kitambaa amekifunga kiunoni. Akaketi chini vumbini, kama anayekaa matanga. Mama alimtazama, kisha akayachukua mawe na kuyaanika tena.

Hakulia. Wallahi, hata mimi sikulia. Watu walijaa, wakamsomea marehemu, wakala, wakatawanyika, nami nilikuwa nawaangalia midomo tu. Nilijifinya paja nione kama nitasikia kitu, wapi! Wanawake walinong'ona kwamba mjane huyu ana roho ngumu. Yeye kila asubuhi aliyapanga mawe yake juu ya bati, kwa kuwa ile habari haikuwa imefika mwisho.

Hatimaye lori la Punia likaleta sanduku la Baba. Mama alizikunjua nguo zake moja moja, uso umetulia kabisa. Ndani ya shati la mwisho mlikuwa na mawe manne mapya, hayajatolewa kwenye karatasi, Baba ameyafunga kwa uzi ili yasipotee. Alikuwa ametununulia sisi.

Mama akayatia redioni. Gitaa likalipuka, likajaza uwanja mzima, sauti ambayo redio ile haikuwahi kuwa nayo. Mama akashika kichwa kwa mikono miwili akapiga ukelele, "Yoo, mume wangu! Yoo!" Nami nikaangukia lile shati, nikalia mpaka nikatapika.

Kwa miaka mingi nilidhani kwamba siku alipoingia Bibi Mwajuma sisi wawili hatukuwa na machozi. Yalikuwemo yote, yakicheza-cheza tu, huku na huku. Baba ndiye aliyekuja kuyasukuma.