Ng'ombe na rafiki yake

Leo nimelizwa na ng'ombe, hapa hapa Rexdale, ughaibuni, ghorofa ya kumi na moja!

Mwanangu alikuwa anasoma maajabu ya wanyama kwenye simu, kwa Kiingereza kama kawaida yake. Nikamtafsiria bibi yake: ng'ombe huwa na rafiki, wakitenganishwa anakosa raha.

Mama akacheka.

"Sasa hiyo nayo ni habari? Baba yangu kule Burundi hakuwahi kuuza ng'ombe mmoja akamwacha mwenzake."

Halafu akaacha kula. Ugali ukapoa.

"Nipigie Mama Neema."

Huyo alikuwa jirani yetu kwenye kambi ya wakimbizi. Sisi tulipanda ndege kuja huku, yeye akabaki.

Simu ikapokelewa. Nikangoja salamu zao ndefu zile.

Mama akauliza tu: "Siku hizi unaenda na nani kuchota maji?"

Niko bafuni, nalia.

Nyinyi mlimwacha nani?