Mwaka Tulioacha Samaki wa Mto

Embe bichi likidondoka juu ya bati, hapa Ifakara ninakoishi sasa, mume wangu hukemea akidhani watoto wa jirani wanaturushia mawe. Mimi huwa nimeshajua. Jiwe hugonga na kuruka, lakini embe hugonga, likabingirika polepole mpaka ukingoni, likadondoka mchangani puu. Ukiusikia mlio huo kiangazi, ujue huko mtoni maji yamepungua na perege wanavuliwa kwenye mabwawa hata kwa tenga. Kila mtu hapa nyumbani anaanza kuulizia samaki, nami napika, maana watoto hawana kosa. Ila sogeeni niwaeleze kwa nini siku hiyo mpishi mwenyewe hali.

Kwetu ni Mofu, kijiji cha mpunga na samaki, na kiangazi ndio ulikuwa msimu wetu wa kula. Mpunga umeshavunwa, mchele mpya unanukia hata kabla haujaiva. Mama alikuwa na pishi lake, perege wa embe bichi, ambalo majirani walijaribu kuliiga wakashindwa, na yeye hakuwaonea huruma. Hakutia nyanya wala nazi. Alisema anayetia nazi kwenye samaki wa mto hamwamini samaki wake. Alikata maembe vipande vyembamba, akavitandika chini ya chungu ili samaki wasishike, akapanga perege juu yake, kitunguu, chumvi, pilipili nzima isiyopasuliwa, kisha maembe tena. Moto mdogo, na mwiko ukae mbali. "Samaki hakorogwi," alikuwa akituambia, "samaki anatikiswa." Akakishika chungu kwa vitambaa, akakizungusha taratibu kama anayebembeleza mtoto. Ule uchachu ukishapanda na mvuke, mate yalinijaa mdomoni hata nikiitwa nashindwa kuitika.

Baba alikuwa mkulima na mvuvi, kama wanaume wengi wa kule, mtu wa maneno machache mwenye pengo mbele. Masika ya mwaka niliokuwa darasa la tatu alivuka mto kwenda kutazama nyavu zake, na mto ulikuwa umefura mpaka mashambani. Mtumbwi wake uliokotwa umepinduka kwenye matete, mbali kule chini. Yeye hakuonekana. Wanaume walimtafuta kwa mitumbwi na miti mirefu mpaka wakachoka. Waliporudi walikaa uani kwetu, na hakuna aliyetaja kiboko wala mamba. Walikunywa uji wakaondoka.

Sasa, katika ukoo wetu kulikuwa na mwiko. Mto ukimchukua mtu wa nyumba, nyumba hiyo haili samaki wa mto huo. Sababu sitawaeleza, fikirini wenyewe samaki wanakula nini. Mama alituketisha mimi na mdogo wangu Otmari, ambaye alikuwa bado hajaanza shule, akasema, "Hatuli samaki wa mtoni mpaka baba yenu apatikane." Alisema hivyo tu, nami nikalishika neno kama lilivyo.

Haukupita muda mrefu, Baba mkubwa, kaka yake Baba, akaja na wazee wawili. Mtu asiyepatikana, desturi yetu ni kumzikia mgomba. Hukatwa shina la mgomba la urefu wake, likavishwa sanda, likasaliwa na kuzikwa, ili matanga yakaliwe na marehemu apate pa kulala. Baba mkubwa aliliongea hilo kwa upole, macho chini.

"Shemeji, tumpumzishe mwenzetu."

"Mume wangu si ndizi, shemeji," Mama alimjibu, akaendelea kupepeta mchele.

Wale wazee wakakohoa. Mimi nikafurahi sana, nikamwona Mama shujaa na Baba mkubwa mchawi. Kwa muda mrefu sikumwamkia shikamoo mpaka nifinywe.

Basi kiangazi kikaingia, na msijaribu kumwambia mtoto wa Mofu akae kiangazi kizima bila samaki. Kila nyumba ilinuka samaki. Wanachomwa, wanakaangwa, wanakaushwa juu ya vichanja, na sisi tunakula mlenda na majani ya maboga, majani ya maboga na mlenda. Mama aliruhusu dagaa wa Mwanza, kwa kuwa hao ni wa maji mengine na hawamjui Baba. Otmari alilichukulia jambo hilo kwa uzito wa hakimu. Alimsimamia muuza duka na kumhoji kama ana hakika hawa dagaa wametoka Mwanza kweli, hawakupitia Mofu. Watu walicheka. Baadaye nilisikia kuwa mke wa muuza duka aliingia ndani kulia.

Nami nilikuwa na sala yangu. Kila nilipopiga magoti kanisani nilimwomba Mungu amrudishe Baba, na nikamtajia na sababu, asije akadhani naomba ovyo: amrudishe ili tule perege wa embe bichi. Maembe yalikuwa yameshajaa. Nilihisi Mungu anachelewa.

Ndipo likaja neno la Mlimba. Mpwa wa jirani yetu, aliyekuwa akinunua mpunga kule, alipiga simu akasema kwenye kituo cha treni kuna mpagazi anayefanana na Baba sana, mtu mpole, hasemi kwao wapi, labda akili zimemruka. Jirani alikuja mbio kutuambia, na nilimwona Mama akikaa chini palepale alipokuwa, kwenye mavumbi. Halafu akainuka akafua shati la Baba la Jumapili. Likakauka, akalipiga pasi ya mkaa mara mbili, ukosi ukasimama. Baba mkubwa alisema afadhali aende yeye. Mama akasema yeye ndiye anayejua sura ya mumewe. Akatuacha kwa jirani, akashika njia ya Ifakara kupanda treni, shati likiwa kwenye mfuko wa nailoni, limekunjwa vizuri.

Siku alizokuwa safarini nilikuwa mtoto wa kipekee kijijini. Niliwatangazia wenzangu shuleni kuwa Baba amepatikana, alikuwa Mlimba anafanya kazi. Nilishaota ndizi za safari na mkate.

Alirudi mchana, peke yake. Mfuko ulikuwa mkononi, na shati lilikuwa ndani yake, limekunjwa vilevile. Jirani alimpa maji. Mama akanywa, akafuta mdomo.

"Ni mtu mwingine," alisema. "Ana meno yote."

Hakulia. Laiti angelia, mimi ningeelewa. Alilala siku nzima ameangalia ukutani, na Otmari akamlalia mgongoni akimchezea shuka. Jumapili yake akaamka mapema, akaoga, akaenda misa ya kwanza. Aliporudi alikuwa na perege kwenye kapu, wanne, wabichi, mapezi bado yanatetemeka. Akaniambia, "Fides, kaniangulie maembe. Chagua yale magumu."

Jamani, mimi nilikuwa najua kanuni. Hatuli samaki mpaka Baba apatikane. Samaki hawa hapa. Basi Baba amepatikana, na wakubwa wanatuficha ili watushangaze, kama walivyotuficha nguo za Krismasi. Niliangua maembe mbio mbio mpaka nikajichuna goti. Nikafagia uwanja, kitu ambacho hakuna aliyenituma. Nikachota maji ya kuoga, nikayaweka bafuni na kipande cha sabuni. Mama alikuwa jikoni anakata maembe vipande vyembamba, na ule uchachu ukaanza kupanda, nami nikachungulia njia ya mtoni, njia ya stesheni, na ile ya kanisani, maana sikujua atatokea wapi.

Chakula kilipoiva nilitandika mkeka mwenyewe na kupanga sahani. Ya Mama, yangu, ya Otmari. Na ile ya bati yenye maua ya bluu, sahani ya Baba.

Mama alitoka na chungu, akaitazama. Alisimama mpaka nikadhani vitambaa vinamuunguza.

"Rudisha sahani hiyo," akasema.

"Baba atakula kwenye nini?"

Mama akaketi, akapakua. Kwetu mama hula wa mwisho, watoto wakishashiba, lakini siku ile alituzuia mikono. Akachukua kipande cha perege, akakichambua miiba kwa utulivu, mwiba mmoja mmoja, akakitia mdomoni. Alikitafuna kwa muda mrefu sana. Nilimwona akimeza, na shingo yake ikakataa, akameza tena. Kisha akasukuma sahani zetu mbele.

"Haya, kuleni wanangu."

Jioni ile ile alikwenda mwenyewe kwa Baba mkubwa. Kesho yake wanaume wakakata mgomba, wa urefu wa Baba, na Mama akaleta lile shati la Jumapili livishwe kwanza, sanda ifuate. Padri alisali. Nilisimama pale nikiwa na hasira, nikiwaona watu wazima wote wajinga, wanazika ndizi ilhali mtu wangu yuko njiani. Niliendelea kuchungulia zile njia tatu mpaka nikawa msichana mkubwa.

Nilikuwa nimeshaolewa ndipo shangazi yangu aliponipa ule mwiko mzima, kwa kugusia tu, tukiwa tunaparua samaki. Nyumba haili samaki mpaka mtu apatikane, au mpaka mjane mwenyewe aanze kula. Hakuna mwingine anayeweza kumwanzia, si mzee, si kaka wa marehemu. Akila, amesema kwamba mumewe amekufa. Kwa hiyo wakati mimi napanga sahani, kijiji kizima kilikuwa kimeshanusa moshi wa jikoni kwetu na kuelewa. Mofu yote ilimpoteza Baba siku ulipookotwa mtumbwi. Mama peke yake ndiye aliyekuwa bado ana mume, na mume huyo alimmeza kwa shida, mbele yetu, juu ya mkeka niliotandika mimi.

Mto haujarudisha kitu mpaka leo, wala sitegemei. Mama hajawahi kuizungumzia siku ile, nami sijamuuliza. Ningemuulizaje? Otmari alimaliza sahani yake akalamba na vidole, nami nilikuwa nimeomba niongezwe mara mbili, na Mama akaniongeza.