Migomba Niliyoitoa Wamaza

Baada ya matanga ya mume wangu, mdogo wake aliniambia niondoke Wamaza. Dada yangu, aliyeolewa mjini Kasongo, akanipa kipande cha ardhi nyuma ya nyumba yake, akaja kunichukua na mtu wa pikipiki.

Asubuhi ile tulichimba machipukizi ya migomba na tangawizi, tukayatia kwenye gunia lililoloweshwa maji. Ndipo shemeji akatokea na panga.

"Nani alikuambia uchimbe?"

"Nilipanda mimi mwenyewe, shemeji."

"Udongo iko wa baba yangu. Utatoka na nguo zako tu."

Akaanza na mpapai wangu. Kisha akaishukia migomba, mmoja baada ya mwingine, maji yake yakimrukia usoni. Ilikuwa na mikungu ambayo haijakomaa. Aliikata vipande vipande akihema. Nilipomwona anageukia gunia, nikalilalia.

"Toka hapo!"

"Sitoki."

Hata leo sijui alilenga gunia au mimi. Panga lilinipata mkono wa kushoto, nikaona weupe wa mfupa kabla ya damu. Dada yangu alimpiga mpini wa jembe mgongoni. Shemeji alipogeuka, dada akampiga mdomoni. Akaanguka kati ya migomba, anatema meno. Dada akaligeuza jembe, akaliinua juu ya kichwa cha shemeji.

"Muache!" nikapiga kelele. "Utamuua!"

"Na yeye alitaka kufanya nini?"

Nilimshika dada mguu kwa mkono wangu mzima mpaka akalitupa lile jembe. Kusema kweli, sikumhurumia shemeji. Niliogopa dada yangu afungwe, watoto wake wabaki peke yao.

Mwenye pikipiki alikuwa amekwisha kuwasha. Tulikwenda na gunia mapajani mwangu, mkono umefungwa kitenge. Huko Kasongo muuguzi alinishona. Dawa ya ganzi haikutosha, nikamtukana mama yake.

Kesho yake dada alipanda, mimi nikiwa nimeketi.

"Mashimo hayo iko mafupi," nikamwambia.

"Basi simama uchimbe weye!"

Tukafokeana mpaka majirani wakaja kuchungulia. Halafu akakaa chini kwenye matope, akalia kwa sauti.

Tangawizi ilioza yote. Migomba mingi ilishika. Vidole vyangu viwili havikunjiki tena, kwa hiyo palizi nafanya na mkono mmoja, polepole, na dada hanisaidii nisipomwita.