Maumivu Yaliyobaki Palepale

Daktari Nasike hakuwa mtu wa kubembeleza. Katika wodi yetu ya wazazi hapa Kampala wagonjwa walimwogopa kidogo, nasi manesi tulimpenda mno. Miaka ile ya utawala wa jeshi, wengine tulinong'ona hata tukiomba chumvi; yeye alisema kwa sauti yake ileile.

Asubuhi moja Sajenti Ochan aliingia amembeba mkewe Acen, mja mzito wa miezi saba, anatapika na kulia tumbo. Nyuma yao askari walimburuta jirani yao Nalweyiso, mama wa Kiganda aliyekuwa akimpa Acen emumbwa, udongo wenye dawa za miti ambao wajawazito wa huku huloweka na kunywa.

"Musawo, hii mama alipea bibi yangu sumu," Sajenti alimwambia daktari, akitupa kipande cha udongo mezani. "Bibi yangu ikikufa, na yeye anakwenda."

Tulijua watu walikokwenda siku zile. Hakuna aliyerudi.

Nasike alimwomba Acen aonyeshe panapouma. Kidole kikatua kulia, karibu na mbavu. Akamgeuza alalie ubavu wa kushoto, akasubiri, akabonyeza tena. Mimba ilielemea kushoto. Maumivu yalibaki palepale.

"Yangekuwa ya mji wa mimba, yangeufuata. Hiki ni kidole tumbo. Tunapasua sasa hivi."

"Uongo!" Sajenti akafunua shati, akaonyesha kovu lake. "Mimi walinipasua. Kidole tumbo iko hapa chini!"

"Na wewe, Afande, ulikuwa na mimba ya miezi mingapi?"

Hakuna aliyethubutu kucheka. "Mtoto amekisukuma juu," aliendelea Nasike. Akamega ule udongo, akatafuna, akameza. "Sumu yako hiyo. Nikitoka chumba cha upasuaji nikiwa hai, mwachilie huyu mama."

Kidole tumbo kilitoka kimevimba, kimejaa usaha, ila hakijapasuka. Nilimpelekea Sajenti kwenye bakuli, nikiona fahari tele. Alikitazama, akawaashiria askari waondoke.

Nalweyiso hakukimbia. "Acen iko muzima?" aliniuliza.

"Mzima, na mtoto anacheza."

Ndipo akalia. Kisha akajifuta uso, akamnyooshea Sajenti mkono.

"Basi rudisha emumbwa yangu. Bibi yako bado iko na miezi mbili."

Sajenti aliokota kile kipande kilichomegwa, akampa kwa mikono miwili.