Maji ya Kupita

Mwenye shamba la kando ya mto hakuonekana hata siku moja bila funguo. Alizitikisa akisema, akazitikisa akinyamaza. Kila mara Australia ilipoungua kwa joto, alikuwa langoni, ameegemea kibao chake cha kukataza watu kuogelea. Njia ya umma ilipita hapohapo, ila alikuwa ameigeuza zizi la ng'ombe.

"Mto ni wa wote, bibi yangu," alimwambia Noeline kwa sauti ya padri mazishini. "Shida ni kuufikia tu."

Noeline, muuguzi mstaafu ambaye magoti yake hayakupata nafuu ila majini, alikwenda kuuliza halmashauri. Akaambiwa chini ya daraja ni pa umma, aingie atakavyo. Jumamosi akaingilia hapo, akaogelea taratibu mpaka mbele ya shamba. Yule bwana akateremka mbio, buti zake za kung'aa zikazama topeni.

"Toka kwenye maji yangu!"

"Yako?" Noeline akajilaza chali, akaelea. "Haya, yaite yarudi."

Bwana akayatazama maji yakimpita kwenda kwa jirani, akayatikisia funguo zake.