Mama Sentimita na Kifuko cha Maharage

Mama yangu mzazi ni fundi cherehani, na mtaa mzima unamwita Mama Sentimita. Jina hilo hakupewa kwa mapenzi. Mteja akifuata gauni lake halipati mpaka mama alitandaze mezani, alipime upya kwa futi, akunje uso, kisha afumue pindo alilolishona mwenyewe jana. Siku ya harusi yangu nilikuwa nimesimama mlangoni, gari linapiga honi, naye kapiga magoti na wembe mkononi, anafumua upindo wa gauni langu kwa kuwa upande mmoja umezidi "kidogo tu, kama punje ya mchele." Nililia mpaka wanja ukanichuruzika mashavuni. Nikizitazama picha zile leo, nakasirika upya.

Huyo ndiye bibi anayenisaidia kulea.

Binti yangu ana miaka mitano na tunamwita Kengele, jina ambalo nalo halihitaji maelezo. Kelele zikizidi darasani, au mtu akigusa begi lake, anaziba masikio na kupiga yowe moja refu lisilo na nukta. Wateja wa mama hawaishi kushauri: msimdekeze, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Nawaangalia tu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Jumatatu, mwalimu wake wa chekechea aliniita pembeni. "Mama Kengele, mimi nina watoto thelathini na sita na mikono miwili. Tuone mpaka Ijumaa. Hali ikiwa hivi hivi, itabidi umtafutie shule nyingine."

Shule nyingine iko mbali, mabasi mawili kwenda na mawili kurudi, na mimi saa mbili asubuhi natakiwa niwe mapokezi kwa daktari wa meno. Alipoona machozi yananilenga, mwalimu akanipa karatasi yenye michoro ya vitu vya kutengeneza nyumbani vya kumtuliza mtoto. "Siyo dawa," alisema, "lakini wengine vinawasaidia."

Mama aliisoma ile karatasi mbele na nyuma. "Vipimo viko wapi?" akauliza. Vipimo havikuwepo, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Cha kwanza kilikuwa chupa ya maji yenye gundi na vumbi la kumetameta. Mtoto anaitikisa, anatazama vumbi likitua, naye anatua. Mama alipima maji kwa kijiko cha dawa, akamwaga, akapima tena. Kengele aliitikisa mara mbili, akataka kujua kilichomo, akafungua kizibo. Suti nyeusi ya mzee mmoja aliyekuwa anakwenda msibani ikang'aa kama ya mpiga gitaa.

Jumanne tukajaza unga ndani ya puto, la kuminyaminya. Aliliminya vizuri kabisa, hata nikaanza kushusha pumzi, kisha akaling'ata. Unga uliingia ndani ya cherehani, ukakutana na mafuta, ukawa uji. Mama aliusafisha kwa mswaki wangu. Wangu! Sikuulizwa.

Baada ya hapo, ili mradi tu mtoto akae mbali na cherehani, mama alimtupia kipande cha mahameli ya bluu, sindano butu na uzi mnene. "Haya, shona kifuko, tutie maharage."

Akashona. Uzi ulikwenda unavyotaka, huku mafundo, kule mapengo. Mama alitazama huku anameza mate.

Jumatano mtoto alirudi bila malalamiko. Alhamisi vilevile. Mwalimu alinieleza kwamba kelele zilipoanza, Kengele alikaa chini ya meza akapapasa yale mafundo kwa kidole gumba, moja baada ya jingine, mpaka akatulia. Nilitembea kurudi nyumbani nikiimba, mimi nisiyejua kuimba.

Ijumaa asubuhi niliamshwa na yowe.

Kengele alikuwa katikati ya chumba, kifuko mkononi, kidole gumba kinatafuta na hakipati. Nikakichukua. Mshono ulikuwa umenyooka, wa mashine, umepigwa mara mbili. Hakukuwa na fundo hata moja.

"Mama, umefanya nini?"

"Kilikuwa kinavuja," alisema, bila kunitazama. "Punje moja ilidondoka jana. Nikasema nikiweke sawa."

"Nani alikutuma? Leo ni Ijumaa, mama! Leo!"

"Usinifokee, mimi ndiye niliyekuzaa."

"Na wewe ndiye utakayempeleka kwa mabasi mawili!"

Mama alichukua wembe. Akaufumua mshono wake, akachukua uzi mnene, akajaribu kushona vibaya. Hakuweza. Ulitoka umenyooka. Akajaribu kwa mkono wa kushoto. Ukanyooka hivyo hivyo. Ningecheka kama nisingekuwa na hamu ya kugonga kichwa ukutani. Mwishowe alipiga magoti mbele ya mjukuu wake, kama alivyopiga mbele ya gauni langu.

"Bibi amekosea," akasema. "Mkono wangu haujui. Shona wewe."

Yowe likapungua, likawa kwikwi. Kengele akashika sindano. Mama aliketi kwenye kigoda, na kila uzi ulipokwenda upande alishtuka. Nilipotazama vizuri, nikaona ameikalia mikono yake.

Tulifika shuleni saa tatu, sote watatu, na kazini nilijua nimeshaharibu. Mwalimu alitutazama, akakitazama kifuko, akakipindua.

"Huyu leo ametulia," alisema. "Basi, abaki, tutaona mwisho wa muhula. Ila bibi, wewe si fundi? Huu mshono hata mimi naona ni mbovu. Hebu upitishie mashine."

Nilimtazama mama. Miaka arobaini hajawahi kuachia mshono uliopinda utoke mlangoni kwake. Aliivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Mwalimu," akasema, "huo mshono nimeukagua mimi mwenyewe. Usiuguse."

Kengele alichukua kifuko chake akaingia darasani. Punje moja ya harage ilidondoka kizingitini. Mama aliinama, akaiokota, akaificha mfukoni haraka kabla mwalimu hajaiona.